Dhambi Moja Ambayo Marehemu Kasiani Hakuishuhudia

Ndugu waombolezaji, mchungaji, wazee wa kanisa, watumishi mliotoka Tunduma, majirani na wote mlioketi chini ya turubai hili, maisha ya ndugu yetu Kasiani Boazi yalisimuliwa kwa mpangilio kwa mara ya kwanza na dada yake mkubwa, Yunisi Boazi, mwezi Julai 1999, hapa hapa Ruanda, kwenye matanga ya shangazi yao, na tangu siku hiyo familia imeyatunza kwa kuyalinganisha na kumbukumbu za wale walioyaona kwa macho.

Kwa kawaida historia ya marehemu husomwa ili watu wamfahamu aliyelala, lakini kwa ndugu yetu haja hiyo ni ndogo, kwa sababu yeye mwenyewe alisimulia maisha yake kwa kipaza sauti kwa zaidi ya miaka ishirini, Tunduma, Vwawa, Saza, Ileje mpaka Ikinga, na mabondeni Momba, na kila aliposimulia yaliongezeka. Familia imekaa kikao juzi Jumapili, ikakubaliana kwamba leo, angalau mara moja, yasomwe kama yalivyokuwa.

KUZALIWA

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956 hapa Ruanda, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Mbozi, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Mzee Boazi na Mama Enesi, wakulima wa kahawa na mahindi, wote wawili washarika wa kanisa hili tangu ujana wao. Wa kwanza ni Yunisi, aliyezaliwa mwaka 1952, na wa mwisho ni Fanuel, aliyezaliwa mwaka 1963. Kasiani alikuwa mtoto mwenye afya, mwenye sauti nzuri ya kuimba, na mwoga wa damu kiasi kwamba kuku alipochinjwa nyumbani, Yunisi ndiye aliyemshika, naye Kasiani alikaa nyuma ya nyumba mpaka manyoya yaishe.

ELIMU

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akamaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea. Habari kwamba alisoma chuo Lusaka na kufukuzwa kwa sababu ya uchawi, ambayo baadhi yenu mliisikia Saza, si ya kweli, kwani Lusaka alifika mara moja tu, mwaka 1990, kununua betri za kuuza, akarudi na mafua.

KAZI

Kuanzia mwaka 1971 alilima pamoja na baba yake, na Mzee Boazi alipofariki tarehe 2 Juni 1979, Kasiani alishika nafasi ya baba kama ilivyo desturi yetu. Fanuel alikuwa na miaka kumi na sita. Tangu siku ile alimpokea kaka yake jembe akitoka shamba, alimnawisha mikono kabla ya chakula, na hakumbishia neno mbele ya wageni, kwa kuwa katika nyumba ya Mzee Boazi mkubwa akikosea mbele za watu aliachwa, naye baadaye, wageni wakishaondoka, alijirekebisha mwenyewe. Mzee Boazi alikuwa mtu wa kujirekebisha. Fanuel aliamini kwamba nafasi ya baba inakuja pamoja na tabia ya baba, na kosa hilo lilimgharimu maisha yake yote.

Mwaka 1984 vyama vya msingi vya ushirika viliporudishwa, marehemu aliajiriwa na chama cha hapa kijijini kuwa mtunza ghala, akakabidhiwa ufunguo. Mwezi Septemba 1986 alimletea mdogo wake magunia sita ya kahawa kwa mkokoteni wa ng'ombe, mchana, watu wakiona, akamwambia, “Mdogo wangu, nihifadhie hizi, ghala limejaa, wenyewe watazifuata.” Fanuel aliyaingiza ndani, akayafunika na mkeka, hakuuliza wenyewe ni akina nani. Waliokuwa wazifuate walikuwa wanunuzi wa magendo wa ng'ambo ya mpaka, ila waliotangulia kufika ni mgambo, wakayakuta magunia sita yenye chapa ya chama chini ya mkeka wa Fanuel.

Kesi ilisikilizwa Vwawa mwezi Desemba 1986. Marehemu alisimama kama shahidi wa upande wa mashtaka, akaeleza bila kutetemeka kwamba mdogo wake alimnyofolea ufunguo kwenye koti lililotundikwa nyuma ya mlango, yeye akiwa amejipumzisha baada ya chakula. Hakimu akamuuliza Fanuel kama ana swali kwa shahidi. Yunisi alikuwa ameketi nyuma yake, na anasema Fanuel alimtazama kaka yake kwa muda mrefu, kwa upole, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kupenga kamasi ili mazungumzo yaendelee. Alikuwa anasubiri ajirekebishe.

“Magunia yamekutwa kwangu, mheshimiwa, hilo ni kweli,” akasema.

“Nimekuuliza kama una swali kwa shahidi.”

“Siwezi kumuuliza kaka yangu swali mbele za watu.”

Alihukumiwa miaka mitatu, akatumikia miwili, theluthi akaachiwa kwa tabia njema. Marehemu kwa upande wake alipongezwa na mkutano mkuu wa chama kwa kutanguliza mali ya wanachama mbele ya undugu, akazawadiwa baiskeli, ambayo aliipanda kila Jumapili kuja kanisani, ingawa kutoka nyumbani kwake hadi kanisani hata kiti hakipati joto.

NDOA NA WATOTO

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Fortunata tarehe 17 Oktoba 1981, wakajaliwa watoto watatu, Wiliam aliyezaliwa 1982, Conjesta 1985 na Blessing 1993, wote wakabatizwa ndani ya mwaka wa kuzaliwa kwao.

Hapa familia inalazimika kueleza ya Fanuel, kwa sababu maisha ya marehemu bila ya Fanuel ni nusu. Fanuel alipokuwa gerezani alitangazwa kanisani kuwa ametengwa, na wote tunajua maana yake: aliyetengwa hali Chakula cha Bwana, hafungi ndoa madhabahuni, mtoto wake habatizwi, hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na akifa kengele haigongwi wala mchungaji hamfuati makaburini. Kurudi kundini ni rahisi mno. Unasimama mbele Jumapili, mzee wa kanisa anataja kosa, wewe unasema nimekosa, usharika unasema tumekusamehe, watu wanapanga mstari kukupa mkono, mnakwenda kunywa chai.

Aliporudi Desemba 1988, Fanuel aliitwa na Mzee Mbonile, mzee wa kanisa wakati huo na hata leo. Mzee Mbonile alimwambia, “Mwanangu, ni neno moja tu. Sema nimeiba, ukae, tuendelee na ibada.”

“Mzee, sikuiba.”

“Mahakama imesema umeiba.”

“Mahakama ilisema. Mimi nikisema, hapo ndipo nitakuwa nimetenda dhambi, tena pale mbele, nikitazama msalaba.”

“Basi aliyeiba ni nani?”

Fanuel aliona si kazi yake kumtaja, kwa kuwa mwenye kosa alikuwepo, ana mdomo, na kila Jumapili anaketi benchi la pili kutoka mbele akiimba sauti ya tatu. Mzee Mbonile akasema kunyamaza nako ni kiburi, na Jumapili iliyofuata likatangazwa kosa la kiburi juu ya lile la wizi, kwa hiyo mtu aliyeitwa ili apunguziwe mzigo akarudi nyumbani na miwili.

Mwaka 1990 alimwoa Jenista kwa mahari na baraka za wazazi wa binti tu. Mtoto wao Emanueli alizaliwa 1992, hakubatizwa, na watoto wenzake wakamwita mpagani wa Ruanda. Jenista alilia sana siku hizo, akamwambia mumewe, “Baba Emanueli, sema tu hilo neno. Mungu anajua ukweli.”

“Kama anajua,” Fanuel akamjibu, “kwa nini nimdanganye mbele ya watu wake?”

Hiki ndicho alichokitaka Fanuel, na familia inaomba kieleweke: hakutaka fidia, hakutaka kaka yake afungwe, alitaka aliyesema neno lile Vwawa aseme kwamba halikuwa kweli, ili naye ale mezani pa Bwana bila kuununua mkate kwa uongo.

WOKOVU

Mwaka 1989 biashara zilipofunguliwa, marehemu aliacha ghala akahamia Tunduma, akauza sukari, mafuta ya kula na betri, wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakimwita kwa heshima ba Kasiani. Biashara haikumpenda. Jumapili ya tarehe 18 Agosti 1991, katika mkutano wa injili uliofanyika uwanjani hapo Tunduma, alipita mbele akaokoka.

Habari ilipofika Ruanda, aliyefurahi kuliko wote ni Fanuel. Alijua kutoka mafundisho ya kipaimara kwamba aliyeokoka hutengeneza, hurudi kwa aliyemkosea akaita kosa kwa jina lake, akarudisha. Alimwambia Jenista, “Weka majani ya chai ya akiba. Kaka atakuja.” Kaka alikuja, siku ya pili ya Krismasi ya mwaka huohuo, amevaa suti, akala kuku, akasimama katikati ya chumba akaikemea roho ya umaskini iliyoimiliki nyumba hiyo, akaweka mikono juu ya kichwa cha Jenista na juu ya mtungi wa maji, akaondoka. Jenista alipokuwa akiokota vikombe aliuliza, “Ndiyo alichokuja kusema hicho?” Fanuel akasema labda amesahau, atarudi.

Katika mkutano ule wa kwanza ushuhuda wa marehemu ulikuwa wa kawaida, kwamba alikuwa mlevi wa kachasu na mpenda wanawake. Ulipokelewa kwa makofi machache, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na mwingine aliyewahi kuwa jambazi. Marehemu hakuwa mtu wa kushindwa kitu mbele ya umati. Mwaka 1994 alikuwa tayari amewahi kuteka malori. Mwaka 1998 alikuwa na wanawake katika kila mji kati ya Tunduma na Kapiri Mposhi kule Zambia, akiyasema hayo huku Fortunata ameketi kiti cha mbele na kitambaa chake cheupe, umati mzima ukigeuka kumtazama. Fortunata alijifunza kukaa nyuma. Alimwambia Yunisi, “Wifi, huyu saa mbili usiku alikuwa anakoroma. Wanawake hao aliwaona saa ngapi?”

Mwaka 2003, huko Saza, mbele ya wachimbaji wa dhahabu, marehemu alikuwa wakala wa kuzimu, ameishi chini ya bahari, amekunywa damu. Yunisi, aliyekuwa amekwenda kumsalimia mwanawe aliyefanya kazi kwenye mitambo ya kuchenjua dhahabu, alikuwa amesimama pembeni, akamfuata baada ya mkutano.

“Kasiani, damu gani uliyokunywa wewe? Kuku nilikuwa nakushikia mimi.”

“Dada,” marehemu akamjibu kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, “ushuhuda mdogo hauokoi mtu.”

Familia imeitafakari sana kauli hiyo, kwa kuwa ndani yake ipo huduma yote ya marehemu. Alikuwa amegundua jambo ambalo wafanyabiashara wa mpakani hawakuligundua, kwamba dhambi nayo ina soko, na kwamba wanaolia viwanjani hawalii kwa sababu mtu ametubu, wanalia kwa sababu dhambi ni kubwa. Alikiri mauaji ambayo hayana kaburi, malori ambayo hayana mwenyewe, uzinzi ambao hauna mwanamke. Hakuna aliyewahi kumfuata kumwambia, nirudishie. Dhambi alizokiri hazikuwa na mtu upande wa pili, ndiyo maana zilikuwa nyepesi kuzibeba kutoka uwanja hadi uwanja. Ile iliyokuwa na mtu upande wa pili haikupanda jukwaani hata siku moja.

HUDUMA

Mwaka 2004 alianzisha Huduma ya Mto Uliofunguka, Tunduma, akaitwa mwinjilisti, na kwa miaka kumi aliitumikia kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha katika kilimo. Alihubiri mpaka mabondeni Momba kwa wafugaji, ambako mzee mmoja anayeitwa Nkwabi, baada ya kusikiliza habari za kuzimu kwa utulivu, alinyoosha mkono akauliza, “Mtumishi, huko chini malisho yapo?” Aliambiwa shaka ni dhambi, akasema sawa, akarudi kwa ng'ombe wake.

Mwezi Julai 2009, mahindi yakiwa yameshavunwa, alileta mkutano hapa Ruanda, kwenye uwanja wa shule, kwa juma zima. Fanuel alihudhuria siku zote, amesimama pembeni mwa goli. Alikuwa na miaka arobaini na sita, benchi la nyuma alikuwa amelikalia tangu 1988, na alifikiri kwamba nyumbani ni nyumbani, kwamba mbele ya watu wanaoijua ile kahawa kaka yake hataweza kupita bila kuigusa.

Siku ya mwisho aliigusa. Marehemu alisema kwa sauti yake ile nzuri kwamba hapa hapa Ruanda aliwahi kuwa mwizi, kwamba aliiba kahawa ya nchi hii, malori kwa malori, maghala kwa maghala, mpaka wakulima wakajinyonga. Watu wakaanza kulia, wakiwemo wakulima wenyewe, ambao hakuna aliyejinyonga. Ndipo Fanuel akatoka pembeni mwa goli, akasogea mpaka chini ya jukwaa, akasema si kwa ukali, kama alivyokuwa akimkumbusha kitu shambani, “Kaka, yalikuwa magunia sita. Sema hayo sita.”

Marehemu alimtazama, na Yunisi, aliyekuwa mbele, anasema kwa muda mfupi uso wa marehemu ulikuwa ule wa Kasiani aliyejificha nyuma ya nyumba. Kisha akainua kipaza sauti akasema adui daima huinuka ushuhuda unapofika mahali pa upako. Wahudumu wanne walimshika Fanuel, wakamlaza chini kwenye vumbi la uwanja, wakamkemea pepo wa upinzani, mmoja akimkanyaga mkono bila kukusudia, nao umati ukashangilia. Fanuel hakupinga. Alilala pale akitazama juu mpaka walipochoka, akainuka, akajipangusa, akaenda kukamua ng'ombe.

Wapo waliodhani kwamba baada ya hapo usharika wetu ungemfungulia, kwa maana marehemu alikuwa amekiri wizi wa kahawa hadharani, ijapokuwa kwa malori. Suala lilifika kikao cha wazee. Mzee Mbonile, ambaye alikuwepo uwanjani na alisikia yote, alieleza kwamba ushuhuda uliotolewa katika dhehebu lingine hauwezi kutumika katika dhehebu letu, na zaidi ya hayo hesabu ya malori hailingani na hesabu ya magunia, kwa hiyo huenda ni wizi tofauti. Kikao kilifungwa kwa sala.

UGONJWA NA KIFO

Marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari mwaka 2012. Alitangaza kuponywa mara mbili kwenye mikutano, akaacha dawa, na mwezi Novemba 2014 kidonda cha mguu wa kushoto kilikuwa kimefika mfupani. Huduma ya Mto Uliofunguka ilipoona mwinjilisti wake hatembei, ilifundisha kwamba ugonjwa usiopona ni alama ya dhambi iliyofichwa, na hapo kwa bahati mbaya ilikaribia kusema kweli bila kujua, ikamteua mwingine, ikabaki na vyombo vya muziki. Fanuel alikodi gari dogo akamfuata kaka yake Tunduma, akampeleka hospitali Vwawa, na madaktari walipofanya yote waliyoweza, mwezi Machi mwaka huu akamleta nyumbani kwake, akamlaza kwenye chumba cha Emanueli. Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba alimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akamgeuza, akamnyoa.

Juma la mwisho marehemu aliomba kurudishwa katika kanisa la wazazi wake, ili azikwe kwa kengele. Alhamisi tarehe 9 Aprili, saa nne asubuhi, mchungaji na Mzee Mbonile walikuja na Chakula cha Bwana kwenye kikapu chenye kitambaa cheupe. Mzee Mbonile akamtaka ataje makosa yake. Marehemu, kwa pumzi iliyobaki, alitaja kachasu, wanawake, malori, mauaji, bahari na damu, na alipofika kuzimu Mzee Mbonile akatazama saa yake, akasema inatosha, Mungu anajua mengine. “Na mengine yote,” marehemu akamalizia. “Tumekusamehe,” wakasema. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Marehemu hakuweza kuketi mwenyewe, kwa hiyo Fanuel, ambaye haruhusiwi kugusa meza ile, alikaa nyuma yake kitandani akamwegemeza kifuani, na kikombe cha Bwana kikapita chini ya kidevu chake kikaenda kwa kaka yake.

Wageni walipoondoka, walibaki marehemu, Fanuel, Fortunata mlangoni, na Yunisi aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, ambaye ndiye anayeshuhudia yaliyosemwa.

Marehemu akasema, “Fanuel, nisamehe yote.”

“Yote siyajui, kaka. Mimi nalijua moja.”

“Hilo nililimaliza na Mungu tangu tisini na moja.”

“Kwani aliyefungwa ni Mungu?”

Marehemu akageukia ukuta. Yunisi alidhani amelala. Baada ya muda akasema, akiwa bado ameuelekea ukuta, “Nikilisema hilo, nani ataamini yale mengine?”

Fanuel alichukua beseni, akalimwaga nje, akarudi na maji safi, akamwosha mguu kama kawaida. Fortunata ndiye aliyesema, taratibu, “Hakuna aliyekuwa anaamini, baba Wiliam. Walikuwa wanapenda tu.”

Marehemu hakuzungumza tena. Alifariki Jumamosi tarehe 11 Aprili 2015, saa kumi na moja jioni, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, amepatanishwa na kanisa, ameombewa, ameshiriki, na kengele ikagongwa kama alivyotaka.

TAMKO LA FAMILIA

Jana jioni Mzee Mbonile aliomba kuisoma historia hii kabla haijasomwa kwenu, akashauri sehemu ya magunia iondolewe, kwa kuwa marehemu ameshasamehewa na si vizuri kufukua. Familia ilimjibu kwa heshima kwamba kilichosamehewa ni malori. Kwa hiyo, mbele ya mwili wa Kasiani Boazi na mbele yenu nyote, familia ya Mzee Boazi inatamka kwamba magunia sita ya kahawa yaliyokutwa mwezi Septemba 1986 yaliibwa na Kasiani Boazi kwa ufunguo aliokabidhiwa, na kwamba Fanuel Boazi hakuyaiba, hakujua kuwa yameibwa, na alifungwa kwa neno la ndugu yake.

Leo alfajiri Mzee Mbonile alirudi na wazee wawili, wakamwambia Fanuel kwamba kutokana na yatakayosomwa njia imepatikana, anaweza kurudi mezani Jumapili hii, mradi asimame mbele na aseme neno fupi la toba kwa kukaa nje ya kundi miaka yote hiyo. Jenista alitoka chumbani asije akasema kitu. Fanuel aliwauliza kama wangependa chai, wakasema ndiyo, akawapa chai, wakanywa. Kisha akawaambia anakwenda kukagua kaburi, kwa sababu udongo wa upande wa kulia ulikuwa umeanza kuporomoka.

SHUKRANI

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Vwawa waliomhudumia marehemu kwa uvumilivu, majirani wa Ruanda walioleta kuni, maji na unga, vijana waliochimba kaburi, kwaya, mchungaji, na watumishi wa Huduma ya Mto Uliofunguka waliofika asubuhi hii na kuketi mbele.

Kasiani, mwana wa Boazi, umesema vya kutosha, sasa nyamaza kwa amani.

Kati ya waliotajwa humu, Mzee Boazi na Mama Enesi wametangulia. Fortunata yu hai na watoto wake wote watatu. Yunisi yu hai, ana miaka sitini na mitatu, na anayakumbuka yote. Mzee Mbonile yu hai. Jenista na Emanueli wako hai. Fanuel yu hai, yuko pale nyuma, ameshika koleo, na hakuiba.